Vijeneza vya Zita

Chuoni walipiga kura za maduka, kila mwanafunzi asanifu upya ndani ya duka moja la kweli la mjini Moshi. Zita, ambaye yeye na bahati hawajawahi hata kusalimiana, akaokota duka la majeneza. Wenzake walipata viatu, vitenge, simu. Alizunguka darasa zima akiomba kubadilishana, wakamcheka. Zoezi hilo alishalifeli mwaka uliopita, na chuo hakitoi nafasi ya tatu. Akifeli tena anafungasha virago, anarudi Kirua Vunjo kupalilia migomba, na habari ya kuitwa msanifu inaishia hapo.

Akaenda kwa Gidioni, mwenye duka. Gidioni alikuwa ameyapanga majeneza barazani mpaka ukingoni mwa barabara, na wafiwa walipokuja kununua, mjomba wa marehemu alipatana bei huku mjane amesimama juani. Zita aliliona kosa hapo hapo. Akachora viti mbele na maji ya kunywa, taa za njano zisizoumiza macho yaliyolia, na majeneza nyuma ya ukuta mfupi, apite yule tu anayekwenda kuchagua. Tusimnyime haki yake, ilikuwa kazi nzuri.

Modeli aliitengenezea nyumbani, maana chumba cha hosteli hakitoshi hata kujigeuza. Kuta zilikuwa za kadibodi. Vijeneza alivichonga kwa vipande vya mbao za mti wa mgrevilea, kila kimoja na kifuniko kinachofunguka, akavipiga msasa mpaka vikateleza. Alikuwa akivipanga mezani vikauke gundi mama yake alipoingia, mzigo wa majani ya ng'ombe bado kichwani.

Ieleweke kwamba wakati huo baba yake, Mzee Primus, alikuwa amelazwa hospitali ya Mawenzi, mapafu yamechoka.

"Hivi ni nini?" mama akauliza.

"Vya chuo, mama."

"Sikuuliza ni vya nani."

Mama akakitazama kimoja, asikiguse.

"Baba yako yuko kitandani, na wewe unamjazia masanduku nyumbani kwake. Unamchuria, Zita."

"Mama, hivi ni vipande vya mbao tu. Havimjui mtu."

"Vitoe."

"Nikivitoa nafeli. Nikifeli wananifukuza."

Mama hakubishana. Aliketi kizingitini na majani yake, akalia bila sauti, na afadhali angemgombeza. Zita akaendelea kuvipanga. Alijiambia kwamba yeye ni msomi, na uchuro ni mambo ya watu wa zamani.

Usomi huo ulidumu mpaka asubuhi ya kuwasilisha kazi. Denis, kaka yake aliyekuwa akimuuguza baba, alipiga simu.

"Mzee amezidiwa. Wamemwekea oksijeni. Mwambie mama aje."

Mama alitoka na kanga aliyokuwa nayo begani, akapita pale mezani bila kugeuza shingo. Zita akabaki peke yake na vile vijeneza. Hofu ilimshika mwili mzima, hofu ya mtoto mdogo, na hakuna somo alilowahi kusoma lililomsaidia. Akavizoa kwenye ungo, akaenda navyo nyuma ya banda la ng'ombe, akavimwagia mafuta ya taa na kuwasha.

"Bwana, chukua hivi," akaomba. "Yeye niachie."

Kisha akabeba duka tupu, akashuka nalo mjini.

Madam Disha, mwalimu wao, aliizunguka modeli taratibu. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu mbaya, na viti vile vilimpendeza waziwazi.

"Zita, hili ni duka la nini?"

"La majeneza, Madam."

"Yako wapi?"

Nyuma mtu akacheka.

"Sharti la kwanza la zoezi ni bidhaa zionekane," Madam Disha akasema. "Umefanya kazi yote hii, halafu hujaweka hata jeneza moja? Nipe sababu. Moja tu, nitakusikiliza."

Sababu alikuwa nayo mdomoni. Lakini kuitamka ilikuwa ni kusema mbele za watu kwamba baba yake anakufa, uchuro ule ule, na vijeneza vingekuwa vimeungua bure. Alimtazama mwalimu aliyetaka kumwokoa, akatamani ardhi ipasuke.

"Sina, Madam."

Akafeli.

Alikwenda moja kwa moja wodini, modeli kwapani, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuitupa. Oksijeni ilikuwa imeondolewa. Baba alikuwa macho, amekonda, mama ameketi pembeni yake. Zita alipomwona akipumua mwenyewe, alitabasamu kwa furaha. Basi kuvichoma kulisaidia, akawaza. Chuo na kiende.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leta hiyo nione."

Akamwekea kitandani. Baba akachungulia ndani, akapitisha kidole kwenye viti, akafika nyuma ya ukuta mfupi.

"Masanduku yako wapi? Denis aliniambia umeyachonga vizuri."

Mama akainamisha kichwa.

"Niliyachoma, baba. Nilisikia umezidiwa."

Mzee Primus akavuta pumzi.

"Nilitaka nichague langu," akasema. "Daktari ameshaniambia, mwanangu. Sina muda. Nikimgusia mama yako anakimbilia rozari. Denis anatoka nje. Nikasema, Zita anajifunza mambo hayo, naye tutaongea." Akamtazama. "Haya, niambie. Yalikuwaje?"

Zita akafungua mdomo. Chini ya ukingo wa kitanda, mkono wa mama ukamkamata kifundo cha mkono, ukabana kwa nguvu zake zote.

"Utapona, baba," Zita akasema.

Baba aliendelea kumtazama kidogo, kama anayempa nafasi nyingine. Kisha akaisukuma modeli taratibu, akageukia ukutani.