Kitambaa Chekundu Kilibaki Mlangoni

Dereva alikaza mnyororo wa mwisho, akaupiga teke kuujaribu, kisha akaenda kutafuta kitambaa chekundu chini ya kiti. Hakikuwepo. Nondo zilikuwa ndefu kuliko bodi ya lori, na mikia yake ilining'inia nyuma ikicheza. Sheria inataka mkia kama huo ufungwe kitambaa chekundu, anayekuja nyuma auone kabla haujamwingia kwenye kioo. Madereva wa vyuma wana sheria yao nyingine juu ya hiyo: aliyefunga kitambaa ndiye anayekifungua. Hakuna aliyewahi kueleza kwa nini. Inafuatwa tu, kama kutopita chini ya kreni iliyobeba.

Tajiri, mwenye malori, alisimama mlangoni pa ghala akichokonoa meno.

"Mbona hujaondoka?"

"Natafuta kitambaa, tajiri."

"Utakipata njiani. Wenye zege wanakungoja."

"Na ile ruhusa yangu?"

"Safari hii moja tu. Ukirudi nenda ukakae na mkeo mpaka akuchoke."

Tajiri alisema safari moja tu kabla ya hospitali kuezekwa, kabla ya daraja, kabla ya uwanja wa mpira, na kabla ya lile ghorofa la kona ya soko. Dereva alikumbuka zote, na mahali tajiri alipokuwa amesimama kila alipoisema.

Nyumba ya dereva ilikuwa pembeni kidogo ya barabara kuu, akachepuka. Chumba kimoja kilikuwa na bati, vingine vilikuwa na mbingu. Juu ya nguzo nondo zilichomoza zikiwa na kutu, zimevikwa makopo ya rangi zisimchome mtu. Alikuwa amebeba chuma cha kutosha kujenga mji mzima na viunga vyake, na hapo hakuwahi kushusha hata kipande. Akarudi kinyumenyume mpaka mikia ya nondo ikagusa kizingiti. Mkewe akatoka, tumbo limemtangulia.

"Karibu, mgeni," alisema. "Siku hizi hodi unapiga kwa nondo?"

"Nina haraka, mke wangu. Nitafutie kitambaa chekundu."

"Umekuja kuniona mimi au kitambaa?"

"Vyote viwili."

"Afadhali hukudanganya."

Akavua kilemba chake, kilikuwa chekundu. Dereva alinyoosha mkono akipokee, lakini simu ikaita, na aliyepiga ni tajiri. Alipomaliza kusema ndiyo tajiri, ndiyo tajiri, mke alikuwa ameshakifunga mwenyewe kwenye mikia ya nondo, mafundo mawili. Shangazi yake, aliyekuja kukaa naye mpaka ajifungue, alikuwa anawatazama kutoka jikoni.

"Utakuwepo?" mke aliuliza.

"Nitakuwepo. Ni safari hii tu."

Lori likaondoka. Mikia ya nondo ikabaki mlangoni.

Dereva aliliona jambo hilo kwenye kioo cha pembeni. Kitambaa kilikuwa kinazidi kuwa kidogo, na chuma kati yake na yeye kilikuwa kinazidi kurefuka. Akapunguza mwendo. Akafikiria kurudi, lakini mzigo wa urefu ule ungetaka barabara nzima ifungwe ndipo ugeuke. Akaendelea. Nondo zilimfuata taratibu, zikijikunja penye kona, zikishuka bondeni na kupanda kilima. Magari yakazoea kukaa upande mmoja. Haukupita muda watu wa kando ya barabara wakaanika nguo juu yake.

Kwenye kizuizi askari alizunguka lori, akatazama lilikotokea.

"Dereva, mzigo wako unaishia wapi?"

"Nyumbani kwangu, afande."

"Kitambaa kipo?"

"Kipo. Mwisho kabisa, mlangoni."

"Basi pita. Lakini ungenunua lori refu."

Vichwa vya nondo vilikuwa vimeegemea ukuta wa kebini, nyuma tu ya kisogo cha dereva. Huko ndiko alikoanza kumsikia mkewe. Kwanza mwiko ukigongwa kwenye chuma ili wali uliogandia udondoke. Halafu ndala. Halafu mkewe akimwambia shangazi kwamba kiuno kinamkata tangu jana.

Dereva akampigia simu.

"Unaendeleaje?"

"Sijambo kabisa," mke alisema kwenye simu. "Endesha salama."

Kwenye chuma alisikika akishusha simu na kupumua kama mtu anayepandisha gunia. Dereva akachukua spana, akagonga ukuta wa nyuma. Ndala zikasimama. Kisha mwiko ukajibu.

"Shangazi," mke alisema kule, "ni yeye."

"Mwambie ageuze."

"Hawezi kugeuza, shangazi. Mwenyewe si unaona urefu wake?"

Jua lilipokuwa utosini uchungu ulianza. Mke alishika nondo kwa mikono miwili kwa sababu hapakuwa na kitu kingine imara ndani ya nyumba ile, na kila alipozikaza, usukani ulitetemeka. Dereva akampigia tajiri.

"Tajiri, mke wangu anajifungua."

"Wewe ni mkunga?"

"Hapana, tajiri."

"Basi shusha mzigo kwanza."

Alifika kwenye ujenzi wakati gari la zege linageuka kuingia. Lilikuwa ghorofa la kupangisha, bado nguzo za chini. Msimamizi akaja na kofia yake ya plastiki, akashika nondo moja kwa kidole gumba na cha shahada.

"Nyembamba," alisema.

"Zimevutika njiani."

"Na za mzigo uliopita, hizo zilivutwa na nani?"

Dereva akaanza kufungua minyororo. Msimamizi hakuwa anangoja jibu. Mzigo uliopita ulikuwa umeshafunikwa na zege. Watu wa kazi hii wanalikumbuka ghorofa la kona ya soko, lililokaa chini mchana mmoja kama mtu aliyechoka kusimama, na waliokuwa chini yake. Tume iliundwa, ikanywa chai, ikaona kosa ni la mvua. Mvua haikuitwa kujitetea, na hakuna aliyeviuliza vyuma. Tajiri alikuwa kwenye ile tume.

"Hazishuki," mafundi walisema wakivuta. "Upande wa pili zimeshikwa."

"Ni mke wangu," dereva alisema. "Ngojeni kidogo. Ngojeni mtoto alie, niondoke nikijua."

"Zege halingoji," msimamizi alisema. "Kateni."

Grainda ya kukatia chuma ikaletwa. Dereva aliegemeza sikio kwenye zile zilizobaki, na kila moja ilipokatwa akahamia nyingine. Alimsikia shangazi akisema kaza, mwanangu, kaza, na mke akimtaja yeye kwa jina ambalo hakuwa amemwita tangu walipokuwa wachumba. Halafu grainda ikawa karibu mno, na chuma chote kikajaa mlio wake. Fundi aliyekuwa ameshikilia nondo ya mwisho isirushwe ndiye aliyeinua kichwa.

"Bwana Dereva," alisema, akitazama viganja vyake. "Kalia."

"Nani?"

"Mtoto. Nimemsikia mkononi. Wa kike, nadhani, ana hasira."

Nondo ya mwisho ikakatika. Dereva aliishika, ilikuwa ya moto na haisemi kitu. Mafundi wakampa mkono wa hongera, mmoja baada ya mwingine, kisha wakazisimamisha zile nondo ndani ya mbao za nguzo na zege likamwagwa. Hata hajafunga bodi ya lori, tajiri akapiga.

"Hongera, nimesikia. Kuna boriti bandarini. Safari hii moja tu."

Kilichobaki barabarani kilikuwa mali ya tajiri, naye akatuma lori jingine likakikusanya. Watu walishusha nguo zao. Wakusanyaji walifika mpaka mlangoni, wakamwomba mama mzazi afungue kitambaa. Akasema atakayekigusa atarudi kwao na mkono mmoja. Wakakata hapo nje ya kizingiti, wakamwachia kipande cha urefu wa dhiraa, na shangazi akakifungia kwenye zile nondo zenye kutu za nguzo ya mlangoni. Mtoto aliotea meno juu yake.

Dereva aliendelea kupeleka vifaa kwenye lile ghorofa: kokoto, mabati, fremu za madirisha. Siku aliyopeleka vigae aliegemea nguzo ya chini apumzike, akasikia mwiko. Hakushtuka. Alishangaa tu kwamba hakuwa ameegemea hapo mapema.

Tangu hapo, kila alipofika alishusha mzigo upesi na kwenda kusimama kwenye nguzo. Mafundi walimpisha. Alisikia mtoto akitambaa, akianguka, akifokewa na shangazi. Siku moja akasikia mkewe akisema:

"Shika hapa kwenye kitambaa. Haya, msalimie baba."

"Shikamoo, baba," mtoto alikiambia chuma.

Dereva akatoa spana mfukoni, akagonga marahaba.

"Kaitika!" mtoto alipiga kelele. "Mama, baba kaitika!"

"Kumbe afanye nini? Baba yako ana adabu. Miguu ndiyo hana."

Dereva alicheka, akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi la saruji.

"Baba, unakuja lini?"

Simu ilikuwa inaita kwenye kebini. Dereva aliitazama nguzo. Kutoka sakafuni ufa ulikuwa umepanda mpaka usawa wa kifua, mpana kiasi cha kupitisha kidole, na ndani yake nondo ilionekana, nyembamba, inang'aa kama imepigwa msasa. Akainama, akaweka mdomo kwenye ufa ili sauti ifike vizuri.

"Safari hii moja tu, mwanangu," alisema.

Fundi wa rangi alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo na mwiko wa lipu, ametumwa kuziba ufa kabla wapangaji hawajaanza kuingia. Akamngojea amalize. Kisha akamwomba asogee.