Maji Yanayotembea

Maji yalikuwa yameingia jikoni, na Moksed hakutaka kuyataja jina.

Kwenye kisiwa chao cha mchanga, katikati ya mto Jamuna, maji yana majina mawili. Yanayopanda kila mwaka na kuacha tope la kulimia huitwa borsha, na watu huyangojea kama mgeni. Yanayobomoa huitwa bonna. Hilo halitamkwi ovyo. Mwenye nyumba akishalitamka, mjadala umekwisha: mabati yanashushwa, kuta za mianzi zinafunguliwa kamba, nyumba nzima inapakiwa mashuani.

Mwaka jana Moksed alilitamka. Akabomoa nyumba, akalala na familia juu ya mabati, na asubuhi maji yakapungua yenyewe. Tangu hapo jirani yake Kobad humwita Bwana Bonna, hata msikitini.

Kwa hiyo sasa alikaa kitandani, miguu juu, akivuta biri na kusema hii ni borsha tu, imezidi kidogo. Mkewe alichuchumaa kando ya jiko lake la udongo, akatia mkono majini, akautuliza.

"Baba Shefali, borsha husimama. Haya yanatembea."

"Yatachoka."

"Unamwogopa Kobad kuliko mto?"

Moksed alitazama ganda la kitunguu likipita mlangoni, halizunguki wala halisiti, kama lenye safari yake. Alijua tangu alfajiri. Mdomo tu ndio ulikuwa mzito.

"Bonna," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Mkewe akachomoa kiunoni koleo la kung'olea misumari ya mabati. Alikuwa amelifunga kwenye sari tangu asubuhi.

Alasiri, bati la mwisho likiwa mashuani, Kobad alikuja akiburuta kitanda, maji kifuani, akauliza kama kuna nafasi.

"Ipo," Moksed alisema. "Ila niite kwanza."

"Bwana Bonna," Kobad akasema kwa adabu, na mkewe mwenyewe, nyuma yake, akacheka hadi akashika mashua.

Jioni walikula bisi za mchele juu ya tuta la ukingoni mwa mto, chini ya bati lao wenyewe, na Mama Shefali alikuwa tayari anakanda udongo wa jiko jipya.

Walipoteza jiko, migomba ya nyuma ya nyumba, bata mmoja, ambaye Shefali anasema hakupotea, aliondoka tu, na kiwanja chenyewe, kilichokwenda na mto kabla ya Ijumaa.