Kituo cha Nne Kiko Mlangoni Kwangu

Mwenyekiti wa jumuiya yetu alikuja Jumatano ile tuliyopakwa majivu, na majivu yenyewe bado yalikuwa kwenye paji la uso wake. Nilimsogezea kigoda akakataa kukaa. Nikajua alilokuja nalo si zuri.

"Mama," akasema, akiangalia viatu vyake, "Njia ya Msalaba mwaka huu tumeibadilisha kidogo."

Kwetu, kila Ijumaa ya Kwaresima, Njia ya Msalaba tunaisali mitaani. Vituo vimegawanywa milangoni mwa watu. Mwenye mlango hutandika meza, huwasha mshumaa, na sala ya kituo ikiisha, mtu wa nyumba hiyo hupokea msalaba na kuubeba mpaka mlango unaofuata. Njiani haupokelewi. Unapokelewa mlangoni, basi. Kituo cha tatu, Yesu anapoanguka mara ya kwanza, kiko kwa fundi viatu kule bondeni. Cha nne, anapokutana na mama yake, kiko kwangu, katikati ya mteremko, tangu marehemu mume wangu yu hai. Cha tano kiko kwa mwashi, juu kabisa.

"Mmebadilisha nini?" nikamuuliza.

"Cha tatu na cha nne tutavisali pamoja kwa fundi viatu. Wewe pumzika, mama. Una mambo mengi."

Mambo mengi yenyewe ni moja. Mwanangu yuko mahabusu. Mbao za tajiri wake zilipotea karakanani, na kwa kuwa ufunguo hukaa na yeye, akashikwa yeye. Kesi haijasikilizwa hata siku moja, lakini mtaani wameshaihukumu.

"Mwenyekiti, mwanangu," nikamwambia polepole, maana mimi si mtu wa kupiga kelele, "yule mama wa kituo cha nne, mwanawe alikuwa wapi siku ile? Alikuwa shambani?"

Akarudisha macho kwenye viatu vyake.

"Alikuwa ameshikwa. Na watu walikuwa wamejaa njiani wakimsema. Hakuna aliyemwambia mama yule akapumzike ndani."

"Mama, usinielewe vibaya. Watu wanaongea."

"Waache waongee, Mungu aliwapa midomo. Meza yangu nitaitandika."

"Tutapita tu, hatutasimama."

"Mtapita mkiniona."

Akaondoka bila kuaga vizuri. Mkwe wangu, mke wa huyo mwanangu, alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa chumba, akisikia yote. Tangu mumewe ashikwe, mtoto huyu alikuwa amejifungia. Bombani alikwenda alfajiri kabla ya watu, akirudi amejifunika khanga mpaka machoni kana kwamba maji ameyaiba. Kanisani hakwenda tena. Kubeba msalaba kutoka mlangoni kwetu ilikuwa kazi yake tangu magoti yangu yachoke, na mwaka huu nilitaka aubebe kuliko miaka yote. Asipoubeba mwaka huu, nilijiambia, hatatoka ndani tena, na mume wake akirudi atamkuta amekuwa kivuli.

"Mama, tusiwape maneno," akaniambia.

"Maneno wanayo tayari, mwanangu. Hatuwapunguzii kwa kujificha."

Ijumaa, jua lilipoanza kulegea, nikaitoa meza. Ni meza aliyoitengeneza mwanangu mwenyewe, akaipiga randa mpaka ukipitisha kiganja huhisi hata mkwaruzo. Nikatandika kitambaa cheupe nilichokipiga pasi asubuhi, pembe nikazibana kwa vijiwe ili upepo usikibebe. Mshumaa nikautia ndani ya bilauri. Nyuma yake nikaegemeza picha ya Mama Maria na Mwanawe wakitazamana. Halafu nikasimama, nikiushika mwimo wa mlango.

"Tutaonekana kama tunauza kitu," mkwe wangu akasema kutoka ndani.

"Tutauza sura zetu. Njoo uzipange mezani."

Akacheka kidogo, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi. Lakini hakutoka.

Kutoka bondeni tukasikia wimbo. Huyo ni jirani yetu tunayemwita Mama Sauti, ambaye huanzisha wimbo juu mno, mpaka wote tunanyoosha shingo kama kuku wanaokunywa maji. Wakasali kwa fundi viatu, sala ya kwanza, wakapumua, sala ya pili. Kituo changu kikasaliwa huko chini nikiwa nimesimama hapa. Nilikisikia chote. Nilijibu kila sala kwa sauti, peke yangu, mtaa mzima usikie.

Halafu wakaanza kupanda.

Mwenyekiti alitangulia na kitabu chake. Nyuma yake fundi viatu amebeba msalaba, ule mkubwa wa mbao nzito, akichechemea. Kila mwaka hutania kwamba yeye kapewa kituo cha kuanguka kwa sababu ya goti lake. Hapo ndipo nilipoona kosa la mwenyekiti. Alikuwa amehamisha sala, akasahau mabega. Kati ya fundi viatu na mwashi hapakuwa na mlango mwingine wa kupokea ila wangu.

Walipofika mbele ya meza yangu, fundi viatu akasimama. Wimbo ukakatika.

"Twende, fundi," mwenyekiti akasema.

"Niende wapi? Zamu yangu ni mpaka mlango unaofuata. Mlango unaofuata si huu?"

"Kituo cha nne tumeshakisali."

"Tumekisali, sikatai. Lakini msalaba hausali, mwenyekiti, unabebwa."

Watu wakaguna. Mama Sauti akadakia, "Na goti lake unalijua! Au utambeba na yeye mwenyewe?"

"Basi nipe mimi," mwenyekiti akasema, akanyoosha mikono.

Fundi viatu akaugeuza msalaba upande wa pili. "Wewe mlango wako uko wapi hapa?" Akanigeukia. "Shemeji," akaniambia, maana mume wangu alikuwa rafiki yake wa damu, "nani anapokea kwako?"

Mkwe wangu alikuwa bado ndani. Ningeweza kuupokea mimi nikaanguka nao pale pale, na ningefanya hivyo. Nikanyoosha mikono.

"Mama, acha."

Mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Khanga ameifunga kiunoni, kichwa kiko wazi, unga bado uko kwenye vidole. Akapita pembeni mwa meza bila kumtazama mtu. Kisha akamtazama mwenyekiti, akamtazama vizuri.

"Huyu ni mke wa nyumba hii," nikasema. "Anapokea yeye. Mwenye neno aseme sasa, tukiwa wote."

Fundi viatu akamwekea msalaba begani, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Mkwe wangu akayumba kidogo, akakaza mguu, akaanza kupanda. Mama Sauti akaanzisha wimbo, juu zaidi ya siku zote, na safari hii hakuna aliyelalamika.

Mwenyekiti alibaki nyuma, karibu na meza yangu.

"Mama, Ijumaa ijayo tutaangalia…"

"Ijumaa ijayo meza itakuwa hapa. Ukitaka kusali, simama. Ukitaka kupita, pita. Ila njia ni hii moja."

Akafunga kitabu, akawafuata wengine.

Nikabaki nauchunga mshumaa usizimike. Baadaye nikamwona fundi viatu akishuka kurudi kwake, akitembea haraka kama kijana, goti halina hata dalili ya kuuma. Akaniona namtazama. Hapo hapo akaanza kuchechemea.

Kesho yake mkwe wangu hakwenda bombani alfajiri. Alingoja jua litoke na foleni ijae. Akachukua ndoo, akapita katikati ya njia, bila khanga kichwani, na nikamsikia kwa mbali akiuliza kwa sauti, "Wa mwisho ni nani? Niko nyuma yako."