Moyo Umesimama

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi 2023, ndiyo siku mambo yalipoharibika nyumbani kwa Kipriani Nduwayezu, mkulima wa maharage pande za Nyakitonto, wilaya ya Kasulu. Siku mkewe alipozikwa ilikuja baadaye, na kwa Kipriani mazishi yalikuwa mkia tu wa nyoka. Kichwa chake ni ile Jumanne.

Siku hiyo Therese aliamka bila kuwa amelala. Akajifunga kitenge, akapanda nyuma ya baiskeli, na kwenye kilima mumewe akashuka kusukuma mpaka zahanati. Mganga wa pale alikuwa kijana mgeni, ameletwa kutoka mbali na hao wakubwa wanaopanga watu kama wanavyopanga magunia. Akamuuliza mama anaumwa nini. Sasa Therese, kama watu wengi wa huku, alifikiri kwa Kiha ndipo akasema kwa Kiswahili. Na kwa Kiha mtu aliyebanwa na wasiwasi hata chakula hakipiti, usingizi hauji, husema *umutima urahagaze*. Yeye akaligeuza neno kwa neno.

"Daktari, moyo wangu umesimama."

"Mama, moyo ukisimama mtu anakuwa maiti. Wewe mbona unaongea?"

Benchi zima likacheka. Therese naye akacheka, mkono mdomoni, kwa adabu. Akapimwa presha, ikaonekana nzuri kuliko ya mganga mwenyewe, akapewa panadol na kuambiwa apunguze chumvi. Kipriani alikuwa nje ameshikilia baiskeli, kicheko kikamfikia kupitia dirishani. Kabla mahindi hayajakauka shambani, alfajiri moja Therese alishika njia ya mtoni, na hakurudi kwa miguu yake.

Tangu hapo Kipriani akawa mtu wa lawama. Barabara ikichimbika, ni wakubwa. Mbegu zikichelewa, ni wakubwa. Mvua ikikataa, wakubwa hao hao, ingawa padri alimwambia kwamba mvua haina ofisi. Alisoma mpaka darasa la nne tu, lakini kwa kulaumu alikuwa profesa, na kijijini walishazoea kumwachia uwanja.

Basi mwaka huu, Jumapili moja baada ya misa, binti yake Irakoze alifika kutoka Kibondo, akaanza kuongea kabla hata ya kuvua viatu. Irakoze ni muuguzi mwenye digrii, anafanya kazi kambi ya Nduta, kwa wakimbizi wa Burundi, kule walikotoka babu zake mwenyewe kabla familia haijawa ya Watanzania. Alisema kuna chuo kinataka kuanzisha masomo ya uzamili ya afya ya akili ya jamii. Tena si mjini. Wanafunzi wataishi Kibondo na Kasulu, watajifunzia humu humu, vijijini na kambini. Naye amechaguliwa kuwa mmoja wa wale wa kwanza.

Ndayisaba, jirani na mtani wa Kipriani tangu utoto, alikuwa amekaa pale akimenya maharage mabichi ya mwenzake kama ya kwake. Akauliza uzamili ndiyo nini, uzazi wa mara ya pili?

Irakoze akacheka mpaka akaketi. Akaeleza kwamba ni shule ya juu ya shule. Mtu ni daktari tayari, au muuguzi kama yeye, anarudi darasani.

"Sasa ile shule ya kwanza ilikuwa ya nini?" Kipriani akauliza.

Irakoze hakukasirika, anamjua baba yake. Akasema shule ya kwanza inamfundisha mtu kumtibu mmoja aliyekuja. Hii ya sasa inafundisha kutazama kijiji kizima: nani halali, nani anakunywa pombe ya ndizi tangu asubuhi, nani ameacha kwenda shamba, na kwa nini hakuna aliyewauliza. Akimaliza atazunguka zahanati zote za upande wake kuwafundisha wahudumu, ili mtu asisubiri mpaka aanze kutembea uchi barabarani ndipo aitwe mgonjwa. Mikono yake ilikuwa inachora vijiji hewani. Kipriani hakuwa amemwona hivyo tangu msiba.

Ila kulikuwa na mwiba. Wakaguzi wa vyuo walikuwa wanakuja, na baadhi yao walitaka masomo yabaki jiji kubwa, huku kwetu wanafunzi waje kutembea tu kama watalii. Wangefika Kibondo kutazama wale wanafunzi wa kwanza, walioanza mafunzo ya majaribio, wakipimwa. Na mtihani wenyewe ulikuwa wa ajabu: wenyeji wangekaa kitini kuigiza wagonjwa, kila mmoja achague ugonjwa wake mwenyewe, asimwambie mtu, hata mwanawe.

"Baba, nimekuandikisha wewe," Irakoze akasema. "Na Baba Ndayisaba pia."

Ndayisaba akasema yeye ataigiza mtu mwenye akili, maana hilo ndilo litakalomsumbua zaidi. Kipriani hakucheka. Maana papo hapo, akiwa bado na ganda la haragwe mkononi, alikuwa ameshajua atasema nini. Wakubwa watakuwa wamekaa mbele, wamevaa tai. Atawawekea mezani yale maneno ya Therese, vile vile, bila kuongeza chumvi. Aone safari hii kama kuna atakayeuliza, au watacheka tena.

Siku zilizofuata kijiji kilimwona mtu mwingine. Kipriani alinyoa ndevu. Alilitoa koti la harusi, akalianika. Alikuwa akipalilia huku anaongea peke yake, anashika kifua, anapunguza sauti, anaipandisha. Watoto wa shule wakasema mzee ameanza kuugua kabla ya mtihani. Ndayisaba akamtahadharisha asiigize vizuri sana, wasije wakamlaza. Usingizi ulimruka kwa hamu, kama mtoto anayengoja Krismasi. Watakiona, alikuwa akisema. Safari hii watakiona.

Siku ilipofika yeye na Ndayisaba walipanda basi Kasulu asubuhi ya baridi, ukungu umelala mabondeni, wakateremka Kibondo jua likianza kupata nguvu. Ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa. Wanakwaya walikuwa wamefagia, akina mama wa jikoni wanakaanga samaki, migebuka ya ziwani, wakimbizi kutoka Nduta wamekaa na wenyeji benchi moja, Kirundi na Kiha vinapishana bila kugongana. Wakaguzi walikuwa mbele kweli, na tai kweli. Kipriani aliwahesabia dhambi zao mmoja mmoja kwa macho.

Aliyesimamia shughuli ni Dokta Mwanaamina, mama mfupi wa pwani, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Ndiye aliyeyabuni masomo haya. Alimpokea Kipriani kwa mikono miwili, akampa shikamoo, kisha akajaribu "mwakeye", salamu ya asubuhi ya huku, kwa lafudhi iliyowafanya akina mama wa jikoni washike mbavu. Naye akacheka nao, akairudia mpaka ikakaa sawa. Jambo hilo lilimkera kidogo Kipriani. Alikuwa amekuja na hasira zake zimepangwa vizuri, hakutaka mtu azivuruge.

Ndayisaba alitangulia kitini. Aliigiza mtu anayesikia kuku wakimsengenya, ukumbi ukaanguka kwa vicheko, mwanafunzi wake akatoka jasho, hata mkaguzi mmoja akavua miwani kufuta machozi. Kisha likaitwa jina la Kipriani.

Mwanafunzi aliyempata alikuwa Ridhiwani, daktari kijana kutoka Tanga, mrefu, hajui Kiha hata cha kuombea maji. Kipriani alimtazama akaona ni yule yule: mgeni, kijana, kaletwa. Moyo ukampiga kwa furaha ya mtu aliyeona mtego wake umenasa. Akaketi. Irakoze alikuwa nyuma, karibu na mlango.

Ridhiwani akamkaribisha, akamuuliza anasumbuliwa na nini.

"Daktari," Kipriani akasema, "moyo wangu umesimama."

Mtu mmoja mbele alicheka, kicheko kifupi cha puani. Kule nyuma Irakoze alishika nguzo ya mlango. Ridhiwani mkono ukamwenda kwenye mashine ya presha, kama mbwa anavyoijua njia ya nyumbani. Kipriani akauona, akaanza kusimama, yale maneno aliyowaandalia wakubwa yakiwa yameshafika kooni.

Lakini mkono ulisita. Ridhiwani akaisukuma mashine pembeni, akasogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Pole sana, mzee," akasema. "Umesimama tangu lini?"

Kipriani akabaki kati ya kukaa na kusimama.

Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Kule shambani, kati ya maharage, alikuwa amejibu maswali yote ya kijinga ambayo mganga angeweza kuuliza. Swali hili halikuwamo. Akarudi kitini taratibu. Akaangalia wakaguzi, akaangalia dari. Yule kijana hakumharakisha. Alikaa tu, anangoja, kama mtu mwenye siku nzima. Na katika kungoja kule Kipriani akawa kama mtu anayesikia hodi mlangoni baada ya kukaa peke yake muda mrefu.

"Sijui," akasema mwishowe. "Haya si yangu. Ni ya mke wangu."

Basi akasimulia. Baiskeli, kilima, benchi, kicheko, mto. Hakumtaja mganga kwa jina. Yule aliyecheka kwa puani aliinamisha kichwa. Akina mama wa jikoni walikuwa wamejaa mlangoni na miiko mikononi, na mmoja, mkimbizi, akasema kwa sauti kwamba hata kwao Ruyigi husemwa hivyo hivyo, *umutima urahagaze*. Mwingine akasema na kwa Waha wa Buhigwe. Ukumbi ukachangamka kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Wanafunzi wakauliza, watu wakajibu, mzee akamsahihisha mzee, mpaka Dokta Mwanaamina akalazimika kupiga meza.

Kipriani akamshika Ridhiwani mkono akamuuliza nani alimwambia, maana lazima ni Irakoze. Ridhiwani akaapa hapana. Neno lenyewe ndiyo kwanza alisikie. Ila Dokta Mwanaamina aliwawekea sheria tangu siku ya kwanza ya majaribio: neno la mgonjwa usilisahihishe, liulize umri wake.

"Na karibu niisahau," kijana akasema. "Mkono ulishatangulia."

Alasiri wakaguzi walitoka chumba cha padri, na mkubwa wao akatangaza kwamba wamekubali: masomo yataanza huku huku. Vigelegele vilipasua bati. Irakoze alimrukia baba yake shingoni kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, koti la harusi likachanika kwapani, na Kipriani, ambaye alikuwa na neno kwa kila mkubwa duniani, akawapungia hawa mkono.

Kwenye basi la kurudi Kasulu hakuna aliyenyamaza. Irakoze alikuwa ameomba siku mbili aje nyumbani, anapanga ataanzia zahanati gani, nani atamfundisha nini. Ndayisaba aliapa kuku wake sasa wamekuwa maarufu, hachinji tena. Kipriani naye alicheka, akalipeleka lile swali mbele na nyuma mdomoni kama mtu anayeonja ndizi mpya. Umesimama tangu lini. Kumbe ni maneno machache hivyo.

Kisha basi likaanza kuteremka kilima, na akamgeukia binti yake, akamuuliza swali lile lile juu ya mama yake.

Irakoze alifikiri. Akasema yeye anadhani ni tangu mdogo wake mama, mama mdogo Providence, aliporudi Burundi na simu yake ikakatika. Ndayisaba akasema hapana, shemeji alibadilika kabla ya hapo, mwaka ule mhogo ulipooza, yeye aliona. Irakoze akasema mwaka ule mama alikuwa akiimba bado. Wakabishana, kila mmoja na mwaka wake. Kisha wote wawili wakamtazama Kipriani, aliyelala na Therese kitanda kimoja miaka yote hiyo.

Kipriani akatazama nje, kule barabara inakopinda kuelekea mtoni.

Therese, moyo wako ulisimama tangu lini?