Koti la Bwana Charles

Asubuhi Evarista alifungua masijala, akapangusa meza, akaingia ofisi ya mkuu wa kitengo cha leseni na kulipiga brashi koti la kijivu lililovalishwa kwenye kiti.

"Shikamoo, bosi," akasema.

Koti likanyoosha mkono wa kulia, likavuta faili la kwanza.

Bwana Charles mwenyewe alikuwa Dar es Salaam. Alikwenda kwenye kikao cha siku mbili wakati mtoto wake wa mwisho ananyonya, na sasa mtoto huyo yuko sekondari. Makao makuu ya serikali yalikuwa yameshahamia huku Dodoma kwa maneno. Wakubwa walikuwa bado wanafunga mizigo. Aliliacha koti kitini kama wafanyavyo wakubwa wote, ili anayechungulia aambiwe, "Yupo, katoka kidogo." Mwanzoni lilikaa tu. Mafaili yalipokaribia dari, likaona aibu, likaanza kazi. Likiinua mkono wa kulia, kibali kimetoka. Wa kushoto, ndiyo basi tena. Halikudai ya soda wala halikumwambia mtu njoo kesho. Watu wa Kongwa na Busi walilipenda.

Shida ilikuwa kupunguzwa kazini. Enzi za ruksa zile, kila mtu ruksa kufungua duka na kila ofisi ruksa kufunga meza. Jengo la jirani makarani walikuwa wameshabeba vikombe vyao kwenda nyumbani. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Evarista alikuwa ametia maji mpaka mabega yamelowa. Alikuwa mjane, ana watoto watatu shuleni na chumba cha kupanga mtaa wa Kikuyu. Kazi ikienda, na shule imekwenda.

Ndipo akaja Respicius, mtafiti wa chuo kikuu, na kompyuta iliyoviringishwa blanketi. Alikuwa anachunguza safari ya faili, tangu dirishani mpaka kibali, na kuifundisha kompyuta kuamua yenyewe kwa kumtazama anayeamua. Mwisho wa utafiti angesema nani anahitajika na nani hahitajiki. Akabandika karatasi ya manila ukutani, kila mtu na kisanduku chake.

"Hapa anayeamua ni nani?"

"Koti," Evarista akajibu.

Respicius akaandika Koti, akachora mshale.

Kompyuta ilikuwa na akili nyepesi. Ikagundua kwamba koti huwatanguliza waliotoka mbali. Respicius akaisifu sana kanuni hiyo, kisha akaanza kufuta yasiyohitajika. Chai aliiacha, maana Stara, mpika chai, alikuwa ametoka kumletea vitumbua. Akafuta salamu.

"Mama, kuiamkia nguo kila siku ni kupoteza muda. Kuanzia kesho Stara atapeleka mafaili pamoja na chai."

Kisanduku cha Evarista kikabaki hakina mshale hata mmoja. Akaenda kupanga vitu vyake ndani ya kapu.

Kesho yake koti halikujinyanyua. Kompyuta nayo, mwanafunzi wa koti, ikaandika: Nasubiri. Foleni ikatoka nje mpaka barabarani. Respicius akalipiga koti brashi kwa mkono wake, akalibadilishia kiti. Wapi! Akaiambia kompyuta iandike shikamoo kwa herufi kubwa, akaielekeza kwenye koti. Koti likageukia ukutani.

Mchana Yusra, binti wa Busi aliyetumwa na kijiji kuomba kibali cha mashine ya kusaga, alichoka kusimama dirishani, akajiingilia mwenyewe. Alikuwa binti aliyelelewa. Alipoona kitini pana koti la mtu mzima, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo."

Koti likageuka, mkono wa kulia ukainuka. Yusra akashukuru, akachukua kibali, akatoka mbio kuwahi basi la Kondoa.

Respicius, aliyeona yote, akairudia manila.

"Kumbe salamu nayo ni hatua," akasema. "Na inataka mtu."

"Mtu gani?" Evarista akauliza.

"Mtu wa kila siku. Mwajiriwa." Akachora mshale mnene mpaka kwenye kisanduku cha Evarista.

Evarista akaketi sakafuni palepale, akacheka huku machozi yanamtoka. "Asante Mungu! Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Stara akamletea chai ya maziwa, na kapu likarudi chini ya meza.

Siku ya mwisho Respicius aliiuliza kompyuta nani hahitajiki. Ikajibu: Bwana Charles. Akaandika hivyohivyo kwenye ripoti, na ripoti, kwa utaratibu, ikapelekwa kwa mkuu wa kitengo.

Bwana Charles aliisomea Dar akafurahi mno. Kitengo kinakwenda sawasawa bila yeye! Waliomzidi cheo wakaona kiongozi wa aina hiyo si wa kuachwa na kitengo kimoja, wakampandisha, wakamwongezea na cha vibali vya visima.

Baada ya wiki chache dereva akaleta koti la pili, la kahawia, jipya kabisa. Evarista akalivalisha kwenye kiti cha chumba cha pili, akalipiga brashi.

"Shikamoo, bosi."

Koti halikujibu. Lilikuwa bado geni. Nje, watu wa visima walikuwa wameshapanga foleni na ndoo zao tupu. Evarista akawafungulia dirisha, moyo wake mweupe, ada za shule zikiwa na uhakika.

"Yupo," akawaambia, "katoka kidogo."