Mlango wa Jikoni

Bi Zunilda hakuwahi kuingia kwetu kwa mlango wa mbele. Alizunguka nyuma ya nyumba, akapita chini ya kamba za nguo, akamtukana mbwa wetu, akatokea jikoni anajipepea kwa kofia.

"Deolinda, kuna maji baridi, au nife hapahapa mlangoni?"

"Kufa ukiwa nje, sina sanduku la kukuzikia," mama alimjibu, na wote wawili walicheka. Mama yangu si mtu wa kucheka na watu wa serikali.

Bi Zunilda alikuwa afisa ustawi wa jamii, na kilichomleta kwetu ni kaka yangu Arsenio. Kila mwezi alikuja na nesi, na nesi alikuja na sindano. Bila ile sindano Arsenio husikia watu ndani ya ukuta, na watu hao humwambia kwamba tumemtilia sumu. Hali, hanywi, halali. Safari moja, kabla hatujampata Bi Zunilda, alitembea uchi kwenye barabara kuu mpaka polisi wakamchukua, wakampeleka mji mkuu, Asunción, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Alirudi hana meno mawili ya mbele. Mpaka leo hajasema yalitokaje.

Sindano yenyewe haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kumfanya akubali, na hapo Bi Zunilda alikuwa na njia yake. Mama alijaza majani ya yerba, chai yetu ya baridi, kwenye pembe la ng'ombe, akachomeka mrija wa chuma, akamimina maji ya barafu. Maji ya kwanza huachwa yanywewe na majani, maana ya kwanza ni ya Mtakatifu Tomaso. Ya pili alinyonya Bi Zunilda, kwa mrija uleule wa sisi sote, na Arsenio alimtazama kooni. Bi Zunilda alimeza, akangoja, akajipapasa tumbo.

"Bado niko hai, kijana. Zamu yako."

Arsenio alikunywa. Kisha alikunja mkono wa shati mwenyewe.

Kwa kuingilia jikoni Bi Zunilda aliona kila kitu. Aliona shimo ambalo Arsenio alilichimba kwenye ukuta wa sebule kwa kijiko akiwatafuta wale watu. Aliona visu tulivyovificha ndani ya gunia la mahindi. Siku za mwisho wa mwezi, dawa ikiwa inaisha mwilini, alimwona kaka yangu akizungumza na kiberiti, naye aliketi akamenya muhogo na mama kana kwamba hakuna jambo.

Halafu ofisi haikumwongezea mkataba. Alikuja kutuaga na chipa za moto, vimkate vya jibini, ndani ya kitambaa.

"Atakuja msichana amesoma kuliko mimi," alisema. "Mwonyesheni kila kitu. Deolinda, unanisikia? Kila kitu."

"Nimesikia, dada."

"Sioni kama umesikia."

Baada ya wiki chache tukaambiwa amekwenda Hispania kuogesha wazee wa watu.

Yule msichana alitupigia simu siku moja kabla ya kuja. Aliitwa Liz Mabel. Mama alipokata simu tu, alitafuta ufunguo wa mlango wa mbele.

Mlango huo kwetu hufunguliwa kwa padri, kwa msiba, na kwa mgeni wa heshima. Mama alisugua sakafu ya sebule mpaka vidole vikachubuka. Alitandika kwenye viti vitambaa vya kufuma ambavyo huwa anawauzia watalii. Shimo la ukutani alilifunika kwa picha ya Bikira Maria wa Caacupé, aliyoihamisha kutoka chumbani kwake. Asubuhi alimnyoa Arsenio ndevu, akamvalisha shati la harusi ya binamu yetu.

"Mama," nilimwambia, "Bi Zunilda alisema tumwonyeshe kila kitu."

"Zunilda alikuwa mtu wa nyumbani. Huyu ni mgeni. Unataka aende kusema tunaishi kama nguruwe?"

Kisha alimshika Arsenio kidevu kama mtoto. "Na wewe, mwanangu, ukitoa habari za watu wa ukutani, watakurudisha kule."

Arsenio alipitisha ulimi kwenye pengo la meno yake.

Liz Mabel alipiga makofi getini kama inavyopasa, akangoja akaribishwe. Alikuwa mdogo, pengine umri wangu, na kofia ya pikipiki ilikuwa imemlaza nywele upande mmoja. Alimsalimia mama kwa heshima na kumpa Arsenio mkono. Sikuona ubaya wowote kwake, na sijauona hata leo.

Mama alimletea pembe limejaa, mrija umeelekezwa kwake.

"Asante sana, mama, lakini ofisi hairuhusu. Tangu ule ugonjwa wa corona kila mtu na kikombe chake. Halafu tumekatazwa kuzoeana sana na familia." Akatoa chupa yake yenye kifuniko.

Mama alilirudisha pembe kwa mikono miwili. Arsenio aliitazama ile chupa.

"Arsenio, unalala vizuri?"

"Ndiyo, dada."

"Kuna sauti unazisikia ambazo wengine hawazisikii?"

Aliinua macho kwa Bikira, palipo na shimo nyuma yake. Nilimwona amejibana kama mtu anayebana kikohozi kanisani.

"Hapana, dada."

"Anakula?"

"Huyu?" mama alidakia. "Tusipomwangalia atakula na meza!"

Liz Mabel alicheka. Mimi nikasema, "Jana hakula."

"Jana joto, mwanangu. Hata mbwa hakula."

Liz Mabel alicheka tena. Nilisimama. "Dada, hebu twende jikoni kidogo, kuna kitu—"

"Nimia!" Mama aliniita, akageuka mzima mzima. "Mgeni hapelekwi kwenye masufuria. Umelelewa na nani?"

"Usijisumbue, dada, nimeshiba," Liz Mabel aliniambia kwa upole. "Na nyumba kumi zinaningoja. Mna nyumba nzuri sana."

Nyumba njema si mlango, lakini yeye alifunguliwa mlango tu.

Kabla hajaondoka alitupatia habari, na alitupatia kama zawadi. Arsenio amepata nafuu ya kutosha. Hatahitaji tena kufuatwa nyumbani, atakwenda mwenyewe kliniki ya mjini kuchomwa sindano kama watu wengine. Mama alimshika mikono akamshukuru, na kumfungia mayai kwenye gazeti. Hayo ofisi haikuwa imeyakataza, au yeye hakuweza kuyakataa.

Pikipiki ilipopotea, Arsenio alivua shati, akaingia chini ya meza ya jikoni, akalia kwa sauti mpaka jua likazama.

Habari ilienea. Ña Reina, jirani yetu, alipaza sauti juu ya ua: "Deolinda! Nasikia mwanao amehitimu wazimu!"

"Amehitimu! Na mumeo ulevi wake anahitimu lini?"

Ilikuwa siku ya mwisho kumsikia mama akijibu watu hivyo.

Siku ya sindano tulimpeleka Arsenio kwenye basi. Alitembea vizuri mpaka barabarani. Basi liliposimama, kondakta alimnyooshea mkono ili apande, na Arsenio akaketi chini kwenye vumbi. Mama alimvuta. Mimi nilimbembeleza. Abiria walitazama kupitia madirisha, na mmoja akasema, "Huyo mfungeni kwenye keria na mabegi." Basi likaondoka.

Nikaenda peke yangu. Kliniki walisema sindano haichukuliwi kupelekwa nyumbani, mgonjwa aje na mkono wake. Nikaenda ofisi ya ustawi. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi, mama mmoja akinyonyesha, mwingine amemshika mzee aliyejikojolea. Liz Mabel alipotoka na kuniona hakunitambua mara moja. Nilimweleza yote: shimo, visu, ile hofu ya Asunción, na kwamba mtu lazima anywe kwanza.

"Mbona hamkuniambia?"

"Nilikwambia twende jikoni."

Alishika paji la uso.

"Nilidhani unataka kunipa chakula," alisema.

Feni ilikuwa inazunguka juu yetu bila kuleta upepo.

"Nikimrudisha ndugu yako kwenye orodha ya kufuatwa nyumbani, natakiwa kumtoa mwingine," aliendelea. "Niambie wewe, kati ya hawa nimtoe nani?" Nilimtazama yule mzee. "Nitajaribu kumwombea nafasi. Nitahitaji neno la mama, yeye ndiye mlezi wake. Lakini akizidiwa kabla ya hapo, piga simu polisi."

"Polisi hapana, dada."

"Basi sijui," alisema, na nikaona kwamba kweli hajui.

Arsenio alizidiwa. Alianza kwa kutupa chakula, kisha akatupa sufuria, kisha akamkaba mama, akidhani mama ni mmoja wa watu wa ukutani. Alipomwachia alilia kuliko mama. Asubuhi mama alileta kamba ya ndama. Alimviringisha kitambaa cha kufuma kwenye vifundo vya mikono, kile kizuri cha sebuleni, ili kamba isimchubue, akamfunga kwenye nguzo ya jikoni. Arsenio hakupigana. Alinyoosha mikono yote miwili.

Nilijaza pembe. Ya kwanza nilimwachia Mtakatifu. Ya pili nilikunywa mimi mbele ya macho yake, nikameza, nikajipapasa tumbo.

"Bado niko hai, kaka. Zamu yako."

Alinitazama kooni kwa muda mrefu. "Wewe wamekubadilisha," alisema. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu.

Simu ililia tukiwa hivyo. Mama alipokea, na sauti ya Liz Mabel ilisikika jikoni kote.

"Mama, binti yako alikuja ofisini. Nimeomba, wamenikubalia nimrudishe Arsenio kwenye orodha, mwezi huu tu. Ila nahitaji nisikie kutoka kwako. Niambie ukweli. Anaendeleaje?"

Mama aliitazama kamba.

"Mwambie," nilisema. "Mama, mwambie aje."

"Nimia," Arsenio akanong'ona. Lilikuwa jina langu kwenye mdomo wake baada ya siku nyingi. Ulimi ulikuwa kwenye pengo. "Wataona kamba. Watanipeleka kule. Si kule, Nimia."

"Mama? Unanisikia?"

Nilinyoosha mkono nichukue simu. Mama alinipa mgongo na kujinyoosha, kama siku ile sebuleni.

"Nakusikia, mwanangu," alisema kwa sauti ya kupokelea wageni. "Mzima kabisa, namshukuru Mungu. Huyu binti anakuza mambo tu. Usijisumbue kuja."

Liz Mabel alishukuru.

Mama aliweka simu juu ya gunia la mahindi. Alilichukua pembe mkononi mwangu, akamwaga majani nje kwa mbwa, na kurudi ndani. Mlango wa jikoni, ambao tangu nizaliwe haujawahi kufungwa mchana, aliusukuma na kuutia komeo.