Kwato Zinatazama Wapi

...kwato zinatazama wapi, ananiuliza, na kichwa cha ng'ombe kakipakata mapajani, pole mama, pole mama yangu, sukuma kidogo, ng'ombe anaitwa mama, mimi naitwa wewe, wewe lete maji, wewe shika kamba, tangu alfajiri nakamua, nachota, nazoa samadi, jua limenipiga utosini hadi naona vimulimuli, na nani kaniambia pole, halafu jina lenyewe alilompa, Bi Mkubwa, majirani wakacheka wee, basi shoga wewe ndiye bi mdogo, nami nikacheka, ningefanyaje, utamwambia nani kwamba mumeo ana ng'ombe na wewe unamwonea wivu... namwonea, ndiyo... "Kwato zinatazama juu au chini?" anarudia mume wangu, na mimi nimechutama huku nyuma naziona wazi, mbili, za manjano, laini, nyayo zimeelekea juu, maana yake ndama anakuja kinyumenyume, tusipomvuta sasa hivi atakosa pumzi humo humo, najua, alinifundisha mwenyewe, na sisemi, acha naye aonje, acha amlilie Bi Mkubwa wake... maana siku huyu Bi Mkubwa mwenyewe anazaliwa mimi nilikuwa chumbani, hatua hamsini tu kutoka banda hili, nang'ata shuka, mkunga anasema mwiteni mumewe, mumewe yuko bandani anazalisha, anakuja, anakuja, na mwanangu naye alitanguliza miguu, baba mtu alipofika mlangoni, mikono bado ina ute wa ndama, miguu miwili ilikuwa imetoka na kichwa kimekwama, akaganda pale pale... wangu hakulia, huyu akasimama akanyonya, akapewa jina, wangu hakupewa... inzi wananitambalia usoni, siwafukuzi, ndama wa mwaka jana wanalia kiu kule nje, wangoje, hata mimi nimengoja, na Bi Mkubwa anageuza shingo ananitazama, mimi, si mume wangu, jicho limemtoka, hanijui kuwa mke mwenza, anaumwa tu, kama nilivyoumwa... "Niambie wewe," anasema mume wangu, sauti imemkauka, "mimi huko siwezi kuangalia." Hawezi... miaka sita tangu siku ile, ndama wangapi sijui, kila mara yeye kichwani mimi nyuma, nikadhani ni mahaba, nikawa nayahesabu yale mapole yake, kumbe ni woga, kumbe akija huku ataiona tena ile miguu ya mwanetu, na hajawahi kuniambia, na mimi sijawahi kumuuliza, nilikuwa na kazi ya kumnunia, tumelala kitanda kimoja miaka yote hiyo kila mtu na msiba wake... kwato hazijasogea hata kidogo, kamba iko mkononi mwangu, imelowa jasho... "Zinatazama juu," nasema, "njoo huku nyuma, baba, usiangalie, shika mguu mmoja, mmoja nishike mimi, tumvute."